Mgeni Alipaye ni Mgeni?

Kila ifikapo Disemba, kaskazi inapoanza kuvuma na joto likatanda juu ya Chake Chake, huwapo watu wachache washukao Pemba kupumzika wakati wa Krismasi. Baadhi yao huikimbia baridi ya Ulaya. Wengine hutoka Dar es Salaam au Arusha, nao hukimbia shughuli. Mmoja wao akipita Tibirinzi asubuhi ya tarehe 25 atakuta ofisi zimefungwa, kwani siku hiyo ni ya mapumziko nchi nzima, lakini hapana aliyevaa nguo mpya. Watoto wanacheza kama jana. Ikiwa ni mwaka wa mavuno, pengine atamkuta mama ameinama juu ya jamvi anageuza karafuu. Sikukuu yake haina shahidi ila yeye mwenyewe.

Kiswahili kina neno moja tu, mgeni, kwa mtu asiyejulikana na kwa mtu anayekirimiwa. Wahenga wakasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni wa methali hiyo alikuja na habari zake, akala kilichopo. Huyu wa Disemba amelipia kitanda, samaki na upepo wa baharini. Je, alipaye ni mgeni, au ni mnunuzi tu?

Wapo washikao kuwa fedha humaliza deni: mnunuzi hadaiwi shukrani, wala muuzaji hadaiwi tabasamu. Hoja hii si ya kudharauliwa, khasa kwa mwenyeji aliyechoka kutabasamu kwa mshahara mdogo. Ila yule mzee wa barazani aliyemwambia mpita njia "karibu" hakuajiriwa na hoteli yoyote. Ile karibu imelipwa na nani?

Tena hesabu ya mnunuzi huanzia uwanja wa ndege, ilhali deni ni la zamani zaidi. Harufu anayoikuta juu ya jamvi anaijua tangu utotoni, akiwa ni mtu wa Ulaya. Uingereza na Ujerumani karafuu hutiwa katika keki na mvinyo wa moto wa Krismasi, hata hudungwa katika nyama ambayo mwenye kuzianika haruhusiwi kuila. (Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar alikuwa Indonesia, akazitia katika sigara, lakini hayo ni mengine.) Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kuu, na karafuu hizo zilichumwa kwa mikono ya watumwa wengi, hadi hali ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897. Kisiwa, basi, kilimtangulia mgeni mezani kwake, tena bila ya kukaribishwa kwa jina.

Mwenyeji naye hasalimiki na swali hili. Akimwona kila ashukaye kuwa ni mkoba wa fedha, ameiuza methali ya babu zake, na kwa bei rahisi.

Mtihani wenyewe huja pale kalenda mbili zinapokutana. Mwaka 1998, 1999 na 2000 Krismasi iliangukia ndani ya Ramadhani. Kwa hesabu za mwezi, itakuwa hivyo tena mwaka 2031 na 2032. Mpishi aliyefunga atamwandalia chakula mtu anayesherehekea. Mnunuzi atakula mchana njiani, kwani amelipa. Mgeni atauliza kwanza pa kulia, na kuuliza huko hakumpunguzii sikukuu yake hata chembe. Kisha jua litazama, adhana itasikika, na huenda mtu wa Tibirinzi akamwita mkekani, penye tende, uji na muhogo wa nazi. Hapo atatia mkono mfukoni, au atanawa?