Kwa mjukuu wangu anayeingia chuo cha ualimu, TTC Mururu

Mjukuu wangu, nasikia shangazi zako wamenuna kwa kuwa umepangiwa ualimu badala ya udaktari. Waache wanune. Ukimaliza miaka 3 pale Mururu utakuwa na kazi mkononi, na tangu Agosti 2022, serikali ya Rwanda ilipoongeza mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi kwa asilimia 88, hata fundi wa nyumba anatukopesha sisi walimu saruji. Jiunge mapema na Umwalimu SACCO, chama cha akiba na mikopo cha walimu. Ya pesa yaishie hapo.

Ukienda mazoezi ya kufundisha, omba darasa la nne. Wengi hulikwepa. Hapo ndipo vitabu vinapoacha picha na kujaa maneno, tena ya Kiingereza, na mtoto aliyekuwa mchangamfu anaanza kukaa kimya.

Ukitaka kujua sababu, pita siku moja kwenye mpaka wa Rusizi II uwatazame akina mama wanaovuka kwenda Bukavu, upande wa Kongo, na mabeseni ya nyanya na dagaa wa sambaza. Mtoto wa miaka 10 aliyefuatana na mama yake anageuza faranga za Rwanda kuwa za Kongo kichwani, na chenji anarudisha bila kukosea. Mpe huyohuyo hesabu ya sehemu iliyoandikwa kwa mistari mitatu ya Kiingereza: ataangalia dari. Mwalimu mvivu anaweka sifuri, anasema mtoto hajui hesabu. Wewe msomee swali, kisha mwambie akueleze kwa Kinyarwanda au Kiswahili anaulizwa nini. Asipoweza kueleza, mfundishe lile swali kwanza. Akieleza vizuri halafu akakosa kugawanya, hapo sasa mpeleke ubaoni. Kuyatenganisha mambo haya mawili ndiyo kazi yenyewe. Mengine, hata maandalio ya somo yaliyopigiwa mistari kwa rula, ni ya kumridhisha mkaguzi.

Na ukifika kwenye somo la umeme usichore betri tu, wakati hapo chini mto Rusizi unazungusha mitambo ya kituo cha umeme cha Rusizi II kwa ajili ya Burundi, Rwanda na Kongo tangu 1989.

Kuna watakaokwambia vumilia shule ya msingi miaka michache, kisha utafute nafasi Chuo Kikuu cha Rwanda. Nenda, sikukatazi. Ila wapo walimu wanaoligeuza darasa la nne kituo cha basi, na watoto wanawajua.

Wiki yako ya kwanza, andika majina ya wanaokaa dawati la nyuma. Kabla ya Ijumaa, kila mmoja wao awe amekujibu swali.