UAMINIFU WENYE MALIPO

Neno uaminifu limepata kazi mpya katika viwanja vya ndege. Zamani lilitajwa kwa rafiki, kwa mtumishi na kwa watu wa ndoa. Leo ni hesabu iliyoandikwa katika daftari la shirika la ndege. Abiria huhesabiwa kuwa mwaminifu kwa kadiri ya safari zake, na akitimiza kiasi kilichowekwa hupewa cheo. Cheo hicho humfungulia sebule yenye viti vya starehe, chakula na utulivu, wakati wenzake wakingoja katika ukumbi wa wote. Swali letu ni hili: mtu anayechagua mpango wa shirika fulani kwa ajili ya sebule hiyo, achague kwa kanuni gani, na uaminifu wake ni kwa nani?

Sebule ilitangulia hesabu. Mwaka 1939 shirika la American Airlines lilifungua chumba cha wageni wake katika kiwanja cha LaGuardia, New York, na aliyeingia alikuwa amealikwa. Mwaka 1981 shirika hilo hilo lilianzisha mpango wa kuhesabu maili, na wengine wakaufuata upesi. Mwaka 1997 mashirika matano yaliunda umoja wa Star Alliance, na baada yake zikaja oneworld na SkyTeam. Tangu hapo cheo cha juu kilichopatikana kwa shirika moja huweza kufungua milango ya mashirika wenzi.

Katika umoja huo pametokea jambo la ajabu. Abiria mwenye cheo cha dhahabu cha shirika la United, akisafiri ndani ya Marekani tu, haingii katika sebule ya shirika lake kwa cheo hicho peke yake. Lakini aliyepata dhahabu ya umoja huo kwa shirika la nchi nyingine huingia, ijapokuwa wamepanda ndege moja. Ndiyo maana wako Wamarekani wanaojiandikisha ng'ambo, ili wahesabiwe wageni katika nchi yao. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji hubaki nje akitazama mgeni akila. Je, ni vibaya kufanya hila hiyo? Sioni ubaya. Shirika lenyewe lilitunga kanuni na kuitangaza, na anayeifuata hakumwibia mtu. Uaminifu uliotangazwa kwa bei ni biashara, na mnunuzi halaumiwi kwa kutazama mizani.

Walakini mizani hubadilika, na mkono unaoibadilisha si wa abiria. Shirika la British Airways, kwa mfano, tangu Aprili 2025 hupima cheo kwa fedha alizotoa msafiri, na wala si kwa umbali wa safari na daraja la kiti kama zamani. Basi mwenye busara huanza na safari alizo nazo: mji anamokaa, miji anakokwenda, na mashirika yanayofika huko. Kisha hutazama kama ada inayolipwa mlangoni katika baadhi ya sebule haitamgharimu kidogo kuliko cheo. Anayepanda ndege bila haja mwishoni mwa mwaka, ili cheo kisimponyoke, amekuwa mtumwa wa zawadi yake.

Hayo ni ya anayelipa mwenyewe. Neno zito ni la yule ambaye tiketi yake hulipwa na serikali, chuo au tajiri wake. Gregor Gysi, aliyekuwa akisimamia uchumi katika serikali ya Berlin, alijiuzulu mwaka 2002 kwa kuwa maili alizopata katika safari za kazi alizitumia kwa safari zake binafsi. Huko Marekani, sheria ya mwishoni mwa mwaka 2001 iliwaruhusu watumishi wa serikali kuu kujiwekea maili za namna hiyo. Lililomwondoa mmoja madarakani liliruhusiwa kwa wengine.

Hata palipo ruhusa, swali halijaisha, kwa maana kosa laweza kutendeka kabla ya zawadi kupatikana: ni pale mtumishi anapochagua tiketi ya ghali na kuiacha ya rahisi inayofaa sawa, kwa sababu ile ya ghali hukuza cheo chake. Yamkini atajitetea kwamba amelala mbali na watoto wake siku nyingi, na starehe ya saa mbili ni fidia ndogo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini fidia huombwa na kutolewa waziwazi, na hii imechukuliwa kimya katika mfuko wa watu ambao wengi wao hawatauona mlango wa sebule.

Kipimo basi ni chepesi. Mtu na ajiulize kama sababu ya kuchagua ndege hii yaweza kusemwa kwa sauti mbele ya mwenye fedha. Ikiweza, na aingie sebuleni, ale na kupumzika. Isipoweza, ukumbi wa wote una viti, na ndege huondoka saa ile ile kwa wote.