Kadari na Moyo wa Mnazi

Miongoni mwa masuala ambayo wanazuoni wa Kiislamu, na kabla yao wahenga wa Kiyunani, waliyajadili pasipo kuyamaliza, limo hili: kitu kikuacho, je, hukunjua tu yaliyokwisha kuwekwa ndani yake tangu siku ya kwanza, au kila kiungo chake huumbwa upya wakati wake uwadiapo? Mwenye kukaa katika pwani hii ya kusini, baina ya Mikindani na maingilio ya mto Ruvuma, hana haja ya kwenda mbali kulitafutia suala hilo ushahidi, kwani minazi imesimama mlangoni pake.

Nazi iliyokomaa ikilazwa kivulini penye unyevu, kiini kilicho chini ya jicho moja laini, kati ya yale macho matatu, huamka; upande wa ndani hutanuka kikawa joya, lile tamu ambalo watoto huligombania, likanyonya maji na nyama ya nazi, na upande wa nje likachomoza chipukizi. Majani yake ya kwanza hutoka mazimamazima, hayana makuti, na kwa kawaida mwaka hupita ndipo jani jipya lianze kupasuka kama majani ya mnazi mkubwa. Matawi mti huu hauna. Una ncha moja tu ya kukulia, iliyozama utosini, nao huishi kwa ncha hiyo mpaka kufa.

Mnazi uangukapo, watu huupasua utosi ili waule moyo wake, na mwenye kutazama kwa taamuli, kabla hajala, ataona ajabu. Jani likimenywa, ndani yake limo jingine, jeupe na laini zaidi. Na ndani ya hilo limo jingine, dogo, lakini makuti yake yamekwisha kupangwa. Na majani yaliyofichika humo hukaribia kwa idadi yale yaliyo wazi, kwa kuwa jani la mnazi hukaa gizani zaidi ya miaka miwili kabla ya kuliona jua. Mpaka hapo, asemaye kwamba yote yalikwisha wekwa tangu mwanzo atajiona ameshinda hoja. Walakini na aendelee kumenya, na achukue lenzi: atafika ambapo jani ni kivimbe tu, kisha, katikati kabisa, atakuta kinundu laini kisicho na jani wala dalili ya jani.

Mjerumani Caspar Friedrich Wolff, katika tasnifu aliyoitoa Halle mwaka 1759, aliifuata kwa hadubini ncha ya mimea hata akafika mahali kama hapo, akawapinga wataalamu wa zama zake walioshikilia kwamba kiumbe kizima kimekunjwa ndani ya mbegu. Nadhani wafuasi wa Imamu Ash'ari, ambaye itikadi yake ndiyo iliyosomeshwa aghalabu katika vyuo vya pwani yetu, wasingeshtushwa na habari hiyo, maana wao walifundisha kwamba Mola hakuumba mara moja akaacha, bali hali za vitu huzifanya upya dakika kwa dakika. Wanaoshtuka ni wale wenye kumkatia tamaa kijana wa miaka kumi na miwili kwa kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka, wakaiita kauli hiyo imani ya kadari. Lililoandikwa limeandikwa katika Lauhu Mahfudhi, si ndani ya nazi.

Mtu atauliza, mbona nazi haijapata kuota mkorosho? Ni kweli, ndani ya kiini imo kanuni ya namna jani litakavyofanywa. Lakini kanuni si jani, wala haisemi kama chonga atapita. Mdudu huyu mwenye pembe huutoboa utosi usiku, jani likingali limekunjwa, kisha likifunguka baadaye huonekana makuti yamekatika kwa pembetatu, kulia na kushoto sawasawa, kana kwamba yamepitiwa na mkasi, na mpita njia hudhani jeraha ni la jana. Waalimu wa vijana wataielewa habari hii bila kufafanuliwa.

Na ukomavu je? Sheria humhesabu mtu kuwa mukallafu abaleghepo, na Wamakonde humtoa kijana jandoni mbele ya kaumu nzima. Na lazima iwe hivyo, kwani pasipo mpaka hakuna wa kuhukumiwa. Mnazi hauujui mpaka huo. Ukianza kuzaa, aghalabu baada ya miaka sita au zaidi, kila kwapa la jani hutoa karara lake, hata juu ya mti mmoja, siku moja, ukaona upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi. Na juu ya umri wote huo ile ncha ingali changa kama ilivyokuwa kwenye mche. Mkorosho una desturi nyingine: chipukizi lake, mvua zikishakoma, huishia katika maua, ncha yenyewe ikatumika yote, na ukuaji ukahamia vichipukizi vya pembeni.

Wanatarika wanapomzungumzia insanul kamil, yaani mtu mkamilifu, naona humwazia kama chipukizi la mkorosho, aliyefika na kutua. Mimi moyo wangu huelekea kwenye mnazi, ingawa najua gharama yake: mti usiokubali kukoma umeiweka aushi yake yote katika ncha moja, na chonga akiifikia hakuna kichipukizi cha kuushika mkono, ilhali mkorosho uliochakaa hukatwa hadi kisiki, ukachipua, na machipukizi hayo yakabebeshwa vikonyo vya miti bora, kama wafanyavyo wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele.