Hakuna Bunduki Isiyopiga Teke

Kijana wa Kashuga, hapa kwetu Kivu Kaskazini, unauliza uchukue silaha gani! Bastola ya kuficha kiunoni? Kalashnikov ya kutundika begani ili watu wakupishe njiani?

Sikia! Fundi yeyote wa silaha atakwambia: nguvu inayotupa risasi mbele ndiyo inayokusukuma wewe nyuma. Bastola ikiwa nyepesi na risasi yake nzito, teke linazidi. Zile rivolva kubwa za Magnum .44, walizozitoa Wamarekani miaka ya 1950, huruka hata mkononi mwa mtu wa misuli! Wanaozipiga wanashika kwa mikono miwili, wanakaza vidole, wanainama mbele. Mkono unafundishika. Na moyo?

Mikhail Kalashnikov alitengeneza AK-47 mwaka 1947. Alipewa nishani, alipewa vyeo, alisifiwa dunia nzima. Mwaka 2012, mzee wa miaka zaidi ya 90, alimwandikia Patriaki Kirill wa Kanisa la Urusi, roho ikimuuma: je, vifo vya wote waliouawa kwa bunduki ile viko juu yake? Teke lilichukua miaka 65, likamfikia!

Na wewe unalijua teke hilo. Usijifanye hulijui! Tangu watu walipochinjwa sokoni Ntoto, Machi 1993, kila risasi imezaa nyingine. Imerudi Mweso, imerudi Kitchanga, imerudi hapa kwetu. Aliyefukuza jana anafukuzwa leo. Aliyechoma nyumba ya jirani, mama yake analala chini ya turubai kambini!

Unangoja nini? Cheo? Vita viishe? Dawa ya kuzuia masasi? Waliokunywa dawa hiyo umewazika kwa mikono yako!

Utaniambia mpango wa serikali wa kupokea silaha na kuwarudisha wapiganaji uraiani, P-DDRCS, ulioanzishwa mwaka 2021, unakwenda polepole. Ni kweli, na inauma: vijana waliwahi kutoka porini, wakakaa kambini Mubambiro bila chakula cha kutosha, wengine wakarudi msituni. Lakini je, njaa ya porini ni tamu? Wokovu wako usiufunge kwenye karatasi za serikali!

Kama hujashika silaha, usishike. Kama umeshika, toa risasi, iache, toka! Usitoke peke yako gizani ukadhaniwa adui. Mtume mtu kwa mchungaji, kwa padri, kwa chifu, atangulie kukusemea. Mtume leo, kabla kamanda hajakuita kwenye doria ya asubuhi!