Karani na Mtungi wa Udongo

Masomo ya juma: Yeremia 32:6–15, Yeremia 36, Yeremia 45



Majeshi ya Babeli yalikuwa yameuzingira Yerusalemu, na nabii Yeremia alikuwa amefungwa katika ua wa walinzi, pale binamu yake Hanameli alipomjia akimtaka anunue shamba la ukoo huko Anathothi. Ni nani anunuaye shamba wakati nchi inatekwa? Yeremia alilinunua. Alipima shekeli 17 za fedha, akatia sahihi, akaita mashahidi. Hati moja ilifungwa kwa muhuri, nakala yake ikaachwa wazi. Kisha mbele ya watu waliokuwapo akazikabidhi kwa Baruku mwana wa Neria, na kumwagiza aziweke zote mbili katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi.

Tumezoea kuisimulia habari hii kwa ajili ya imani ya Yeremia. Juma hili natamani tumtazame Baruku, karani wake. Hakuwa nabii wala hakimu. Kazi yake ilikuwa kuandika, kufunga na kutunza. Lakini ahadi ya Mungu, kwamba siku moja nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika nchi ile, ilikabidhiwa mikononi mwake ikiwa ni maandishi. Angeyapoteza, au angebadilisha jina moja tu, ushahidi wa ahadi ile ungeharibika.

Naandika nikiwafikiria vijana wetu wa Iyolwa na wa pande hizi zote za mpaka, wanaoanza kazi ya ukarani mahakamani, Tororo, Busia ya Uganda au Busia ya Kenya. Namfikiria pia katibu wa baraza la mtaa (LC) kijijini, anayeandika kesi za majirani zake kwenye daftari la shule. Wengi wao wanaiona kazi hiyo ni ndogo, ya kupitia tu kuelekea kwenye kazi yenye heshima. Nataka kuwaambia kwamba mbele za Mungu si ndogo.

Kesi nyingi za kwetu haziendi mjini moja kwa moja. Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006 inaruhusu madai madogo na migogoro ya kimila yaanzie LC1 kijijini, na asiyeridhika akate rufaa LC2, kisha LC3 kwenye gombolola, kisha kwa Hakimu Mkuu. Kesi za ardhi huanzia LC2, kwenye muluka. Katika kila moja ya ngazi hizo yupo mtu mwenye kalamu. Alichoandika wa chini ndicho atakachokisoma wa juu. Katibu akiruka ushahidi wa mama mmoja kwa sababu jua limezama na watu wamechoka, mama yule atapanda ngazi zote hizo akiwa bubu.

Na ardhi yetu, ndugu zangu, tunaijua. Sehemu kubwa ni ya kimila, haina hati ya serikali. Kinachosimama mahali pa hati ni makubaliano yaliyoandikwa kwa mkono: mipaka imetajwa kwa mti wa mvule na njia ya ng'ombe, chini yake alama ya dole gumba, majina ya mashahidi, na muhuri wa LC1. Mjane huikunja karatasi hiyo mara nne, huitia kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, na kaveera huitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Huo ndio mtungi wetu wa udongo. Siku shemeji zake wanapoling'oa boma la mpaka, anaitoa karatasi, na LC ikishindwa kuumaliza mgogoro, anapanda bodaboda, anakwenda mahakamani. Na mtu wa kwanza kuipokea si hakimu. Ni karani wa masjala, pengine kijana wa mwaka wa kwanza kazini.

Tazameni anachokifanya kijana huyo. Anaisoma karatasi. Anafungua jalada, anaandika namba kwenye daftari, anagonga muhuri wa tarehe, anampa mama siku ya kusikilizwa. Mama anaitwa Okoth kwa jina la mumewe, na kwenye makubaliano imeandikwa Okoth. Kijana ana haraka, anaandika Okot. Herufi moja imeanguka. Baada ya miezi mingi wakili wa upande wa pili atasimama na kuuliza huyu Okot ni nani, maana karatasi ya shamba haimtaji. Huenda hakimu akalisawazisha kosa hilo, kwa kuwa Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 126, inaagiza haki ya kweli itendwe bila kufungwa mno na taratibu. Lakini kulisawazisha kosa hilo huenda kukamgharimu mama siku nyingine, nauli nyingine na usiku mwingine wa wasiwasi.

Kisha inafika siku ya kesi. Karani anasimama mlangoni na kuita majina. Mwenye kesi asipoitika, kesi yake inaweza kufutwa. Mama yuko nje, chini ya mti, amekaa tangu saa moja asubuhi, hajui kwamba sauti ile hafifu kutoka ndani ndiyo inayomwita. Karani mmoja huita mara moja akarudi kuketi. Mwingine hutoka, akaenda hadi chini ya mti, akauliza, "Mama, wewe ndiye nani?" Hatua hizo chache hazimo katika mshahara wake. Lakini shamba la watoto wanne linaweza kuokolewa nazo.

Huko ndani, mara nyingi karani huyo huyo ndiye mkalimani. Katiba yetu, ibara ya 28, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema vivyo hivyo katika ibara ya 50. Kwenye mpaka huu, ambako Kidhopadhola, Kiteso, Kisamia na Kiswahili vinakutana sokoni kila siku, haki hiyo ni uhai. Shahidi akisema maneno kumi na karani akampa hakimu matatu, yale saba amenyang'anywa shahidi. Karani mwaminifu hafupishi machozi ya mtu, wala hayaongezi. Huyafikisha jinsi yalivyo.

Sasa niseme neno gumu. Tumewahi kusikia kwamba faili limepotea. Faili halina miguu. Linapopotea na kuonekana tena baada ya mtu kutoa chochote, kuna mkono uliolificha. Torati, katika Kutoka 23, inaonya kwamba rushwa huwapofusha wenye kuona. Kijana wangu, shilingi ya kwanza ya namna hiyo huja kwa upole sana. Huitwa chai, huitwa asante, huitwa nauli. Ukiipokea, siku ya pili unakuwa umeshajua bei yako, na wengine pia wameijua.

Lakini nisiwaelekezee vidole makarani peke yao, maana jaribu hilo mara nyingi tunalipeleka sisi. Kijana wetu akipata kazi kortini, ukoo mzima hushangilia: "Sasa tuna mtu wetu mle ndani." Tunamfuata jioni na kuku mkononi, tunamtaka alisogeze jalada la mjomba juu na la jirani alizamishe chini. Akikataa, tunasema amesoma akatusahau. Tunamwita mtoto wetu, halafu tunamtumia kuwanyang'anya watoto wa wenzetu. Dhambi hiyo ni yetu sote, na kanisa halina budi kuitaja kwa jina lake.

Baruku naye aliijua gharama ya uaminifu. Katika Yeremia 36 aliandika gombo zima kwa kinywa cha nabii, akalisoma hekaluni, katika chumba cha Gemaria mwana wa Shafani. Mfalme Yehoyakimu alilikata gombo lile kwa kisu cha mwandishi na kulitupa motoni, vipande kwa vipande. Baruku akaketi tena, akaliandika upya lote, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Mwaka 1982, wachimbaji wakiongozwa na Yigal Shiloh walipata Yerusalemu vipande vidogo vya udongo vilivyokuwa vimefunga hati za zamani, na kimoja kina muhuri wa Gemaria mwana wa Shafani. Hati zenyewe ziliteketea mji ulipochomwa. Moto ule ule uliuoka udongo, ukaihifadhi mihuri hadi leo. Baada ya miaka zaidi ya 2,500, jina la mtu wa chumba kile bado linasomeka.

Halafu ipo sura ya 45, fupi, yenye aya tano tu, na Mungu ameitoa yote kwa karani. Baruku alikuwa amelalamika kwamba amechoka na hapati raha. Mungu hakumkemea kwa kuchoka kwake. Alimwambia asijitafutie makuu, kisha akamwahidi uhai wake popote atakapokwenda. Taifa linaanguka, wafalme wanapelekwa uhamishoni, na Bwana wa majeshi anasimama kuzungumza na mwandishi wa masjala, kwa jina lake. Kijana unayegonga mihuri mchana kutwa bila mtu kukuambia asante, sura hiyo ni yako. Isome.

Wapendwa, haki haimfikii maskini kwa hukumu peke yake. Humfikia kwa jina lililoandikwa sawasawa, kwa tarehe iliyoelezwa kwa lugha anayoielewa, kwa jalada lililokaa mahali pake. Aitunzaye karatasi ya mnyonge amemtunza mnyonge mwenyewe.

Juma hili, wewe uliye karani, lichukue jalada la mtu usiyemjua kabisa, asiye wa ukoo wako, na ulihakiki kama vile ni la mama yako. Wewe mzazi, mwambie mtoto wako aliye kazini kwamba hutamwomba upendeleo wowote, na ulishike neno hilo. Na wewe uliye na karatasi kwenye sanduku la bati, mwite mtu unayemwamini akusomee, ujue kilichoandikwa humo kabla mgogoro haujaja.

Tuombe. Bwana wa haki, uliyemjua Baruku kwa jina lake, wajue na makarani wetu wa Iyolwa, Tororo na Busia. Wape macho ya kuona kosa kabla halijamuumiza mtu, na moyo wa kukataa cha mkononi hata nyumbani kukiwa na njaa. Utusamehe sisi tuliowashawishi. Mjane asipoteze shamba kwa uzembe wa mtu yeyote anayeliitia jina lako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.