Je, Muuzaji Aweza Kunyamaza?

Siku chache zilizopita alitujia mzee mmoja mwenye pikapu ya kuchukulia mazao sokoni, akatuletea swali ambalo kwanza tulilidhani dogo. Pikapu yake ilikuwa ikipoteza maji. Kila asubuhi aliona doa bichi chini ya injini, na kila jioni ilimpasa kujaza rejeta tena. Fundi alimwambia ya kuwa gasketi ya silinda hedi imeanza kuungua, na kwamba hapana dawa ila kuifungua injini. Gharama ya kazi hiyo ilimshinda. Basi akanunua kopo la dawa ya kuzibia, akalimimina katika rejeta, akaiwasha injini. Kesho yake alipotazama chini, pakavu.

Sasa miezi miwili imepita na doa halijarudi. Ada ya wajukuu wake wawili inadaiwa, naye amepata mnunuzi: mwalimu wa shule ya msingi, aliyekopa fedha katika chama cha akiba na mikopo. «Padre,» alisema, «mimi sitasema uongo. Akiniuliza, nitamjibu. Lakini asiponiuliza, je, nikinyamaza nina kosa?»

Twaona swali hili lafaa kufikiriwa na kila mtu anayenunua au kuuza, nasi sote ni watu hao.

Kwanza yatupasa kuitendea haki dawa yenyewe. Kopo lile si uchawi, wala si udanganyifu. Ndani yake mna chembe laini, nyuzi, au unga wa madini, unaochukuliwa na maji mpaka penye tundu, ukajikusanya hapo na kuliziba. Dawa nyingine hutengenezwa kwa silikati ya sodiamu, iitwayo pia maji ya kioo: inapofika penye ufa wenye joto kali, maji hukauka, ikabaki ganda gumu mfano wa kioo. Kampuni ya General Motors yenyewe iliwahi kutia vidonge vya kuzibia katika baadhi ya injini za Cadillac. Dereva aliyekwama porini usiku, mbali na gereji, akatumia dawa hiyo ili afike nyumbani na kesho ampelekee fundi, huyo hana la kulaumiwa. Ametumia akili.

Walakini dawa haina macho. Haijui kutofautisha tundu lililo ugonjwa na tundu lililo uzima. Mifereji ya rejeta ni myembamba, nayo pia huweza kuzibwa. Hapo maji hayapiti sawasawa, joto hupanda, na silinda hedi ya aluminiamu hupinda. Mwaka 2009 serikali ya Marekani iliwapa ruzuku wenye magari yenye kula petroli nyingi, ili wayatoe na kununua mapya. Magari ya zamani zaidi ya 670,000 yalitolewa, na injini zake zikauawa zisitumike tena. Ziliuawa kwa nini? Kwa silikati ya sodiamu ile ile, iliyotiwa mahali pa oili. Kitu kimoja huokoa injini na huiua, kwa kadiri ya mahali kinapowekwa na nia ya mwenye kukiweka.

Basi swali la mzee si la dawa. Ni la kunyamaza.

Swali hili lina umri mkubwa kuliko motokaa. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika juu ya mtu anayeuza nyumba yenye nyoka vyumbani na miti mibovu, mambo ayajuayo yeye peke yake. Akaeleza jinsi wanafalsafa wawili walivyobishana. Diogenes wa Babuloni alimtetea muuzaji: hakumlazimisha mtu kununua, na kutosema si sawa na kudanganya. Antipater alikataa, akaona ya kuwa kumwacha mnunuzi akimbilie hasara machoni pako ni kumpoteza njia kwa makusudi. Cicero mwenyewe alisimama upande wa Antipater. Si kila kunyamaza ni kuficha, lakini kunyamaza ili ujipatie faida kwa ujinga wa mwenzio huko ni kuficha.

Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilipima jambo hili kwa makini zaidi. Kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza, maadamu amepunguza bei kama inavyostahili. Mnunuzi ana macho yake. Bali kasoro iliyofichika, iwezayo kumletea mnunuzi hatari au hasara, muuzaji hana budi kuisema. Asiposema, ametenda dhambi, tena anadaiwa kulipa hasara.

Sasa tuitazame pikapu ya mzee wetu kwa kipimo hicho. Kabla ya kopo, kasoro yake ilikuwa ya namna gani? Ilikuwa wazi. Doa lilikuwa pale chini kila asubuhi. Mwalimu angaliinama tu, angaliliona. Na kama hajui mambo ya injini, fundi wake angalimwonyesha. Tone lile la maji lilikuwa shahidi wa kweli, asiyelipwa na asiyepotoka. Baada ya kopo, ugonjwa umebaki mahali pake, ila shahidi amezibwa mdomo.

Hapa ndipo tulipoona ya kuwa swali la mzee si dogo hata kidogo. Yeye adhani atakuwa mtu aliyenyamaza tu. La hasha! Anayeuza motokaa inayovuja, asiseme neno, amenyamaza. Lakini motokaa yenyewe yasema kwa niaba yake. Anayeuza iliyozibwa kwa dawa, asiseme neno, amenyamaza yeye na kuinyamazisha motokaa pia. Alipoimimina dawa kwa safari zake mwenyewe, hakukosa. Ila siku aliposimama mbele ya mnunuzi, ukavu ule wa chini ya injini uligeuka kuwa neno, nalo lasema: «Mimi ni mzima.» Neno hilo ni la nani, kama si lake?

Wako watakaosema: mnunuzi na awe macho, alete fundi wake. Ni shauri jema kwa mnunuzi, lakini halimwondolei muuzaji deni lake. Fundi hutafuta dalili. Aliyeiondoa dalili hawezi kumlaumu fundi kwa kutoiona. Wengine watasema: huenda dawa ikadumu miaka. Huenda. Basi mwambie mwalimu hivyo: ilivuja, niliitia dawa, tangu hapo ni kavu miezi miwili. Ikiwa waamini kweli kwamba itadumu, waogopa nini kusema? Na ikiwa waogopa kusema, ni kwa sababu huamini.

Tena tufikiri mzigo utamwangukia nani. Mwalimu ataipakia pikapu, aelekee Iringa, aanze kupanda Kitonga. Mlima ule haudanganywi. Sindano ya joto itapanda, mvuke utatoka chini ya boneti, oili itageuka rangi ya chai ya maziwa. Injini itazimika katikati ya kona, malori yakiwa nyuma yake. Akisalimika, atarudi nyumbani kwa miguu ya wenzake, na mwisho wa mwezi mkopo utakatwa katika mshahara wake kama kawaida. Ada ya wajukuu wa mmoja itakuwa imelipwa kwa ada ya watoto wa mwingine, bila huyo wa pili kuulizwa.

Tulimweleza mzee hayo yote. Alikaa kimya, akatushukuru, akaenda zake. Juma lililofuata alirudi. Alikuwa amemwambia mwalimu kila kitu na kumpunguzia bei. Mwalimu alimshukuru sana, lakini hakununua. Pikapu ingali uani kwa mzee, na ada ameilipa nusu kwa kuuza mbuzi. Hatutaki kuwaambia wasomaji wetu kwamba ukweli ulimletea faida siku ile ile, maana haukumletea. Ulimgharimu.

Lakini alituambia jambo moja. Mwalimu yule, kabla ya kuondoka, alimwomba amtafutie motokaa nyingine, popote atakapoisikia. «Nitanunua,» alisema, «ile utakayoniambia wewe kwamba ni nzima.»