Msaidizi Mchague Mwenyewe

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mkoani Singida alikuwa na kibiashara chake cha vitenge pembeni ya mshahara. Shule zilipofungwa akapokea zamu yake ya kikoba, sehemu kubwa akaiacha kwenye simu, nyingine akaifunga kwenye leso, akakata tiketi kwenda Dar es Salaam kufuata mzigo Kariakoo. Siku za nyuma alikuwa akifuatana na dada yake. Safari hii dada alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo akaenda peke yake. Kisa hiki ni cha kutunga, ila mbinu zilizomo ndani yake zinatumika kweli, na ndiyo maana inafaa kukifuata hatua kwa hatua.

Basi lilipofika Dodoma akapanda mama mmoja wa makamo, kajitanda vizuri, mkononi ana kikapu cha zabibu. Akaketi kiti cha pembeni yake, akasalimia, akamkaribisha zabibu. Mazungumzo yakaanza kama yanavyoanza kwenye kila basi.

"Unafikia kwa nani, mwanangu?"

"Kwa binamu yangu, mama. Sinza."

"Atakuja kukupokea?"

"Hapana, yuko zamu ya usiku. Amesema nichukue bajaji."

"Na huu mji umeshauzoea?"

"Bado, mama. Huwa nakuja na dada yangu kufuata mzigo."

Hakuna swali hata moja hapo la kumshtua mtu. Shangazi yako angeuliza hayo hayo. Lakini kabla hawajaipita Kibaigwa, yule mama alikuwa ameshajua kwamba binti hana mwenyeji wa kumsubiri, hajui njia, na anaenda kununua mzigo, maana yake ana pesa.

Gairo mkanda wa injini ukakatika. Wakakaa pale hadi jua likazama, na mwalimu, kwa kuchoka kusubiri, akawa anatazama video kwenye simu mpaka chaji ikabaki kidogo sana. Basi lililokuwa lifike jioni liliingia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, saa tano usiku.

Mlango ulipofunguliwa, wapiga debe na madereva wakajaa. "Dada, Sinza! Sista, teksi hapa! Lete begi!" Mmoja akashika kweli begi lake. Yule mama akamwondoa mkono kwa ukali: "Mwacheni mwanangu!" Wakatawanyika. Kisha akamgeukia kwa upole: "Hawa si watu wa kuwaamini usiku huu. Shemeji yako amekuja kunichukua, sisi tunapita Sinza, tutakushusha mlangoni."

Gari lilikuwa IST ya rangi ya fedha. Namba zake zilikuwa za njano, yaani gari binafsi, si nyeupe zinazowekwa kwenye magari ya biashara. Mwalimu aliliona hilo. Moyo wake ulisita, akasimama na begi lake. Ila angemwambia nini mama aliyekula naye zabibu njia nzima na kumwokoa sasa hivi mikononi mwa wapiga debe? Angeonekana hana adabu, tena hana shukrani. Akapanda.

Mama alikaa mbele, yeye nyuma. Badala ya kuishika Barabara ya Morogoro kuelekea Kimara, gari likakata kwenda Goba. Akauliza, akajibiwa kwamba wanakwepa foleni, saa tano hiyo ya usiku. Mbele kidogo wakasimama, kijana akaingia upande wake. Mwalimu akajaribu mlango wa pili, haukufunguka kwa ndani. Hawakumpiga. Walichukua leso, kadi ya benki na simu, wakataka namba za siri. Alipokuwa akitetemeka, yule mama alisema bila kugeuka: "Wape tu, mwanangu, usijiumize." Bado alikuwa akimwita mwanangu.

Walimshusha gizani na begi lake la nguo. Aliona taa za sheli kwa mbali, akaenda mbio hadi hapo, akamkuta mlinzi mzee amejifunika koti zito. "Shikamoo, baba, nimeibiwa, naomba unisaidie." Mzee akampa kigoda chake, maji na simu yake ya tochi. Na hapo likazuka jambo ambalo mwalimu hakuwa amelifikiria maishani: hakuna namba aliyoijua kwa kichwa isipokuwa ya mama yake mzazi, na huyo huzima simu akilala. Alikaa pale sheli hadi alfajiri.

Kufikia hapo alikuwa amepoteza pesa ya kikoba. Yaliyofuata yaliongeza hasara. Kwa aibu, alimwambia binamu yake kwamba amedondosha simu tu. Hakwenda polisi, hakufunga laini. Siku mbili nzima namba yake ilikuwa ikiwaandikia watu: "Nimepata ajali, nipo hospitali, nitumie laki mbili kwa namba hii." Mjomba alituma. Walimu wenzake walichanga. Na kwenye simu hiyo hiyo wezi walikuwa wamechukua mkopo kwa jina lake, ambao baadaye yeye ndiye aliyedaiwa.

Watu wakisikia kisa kama hiki, swali la kwanza huwa alivaa nini na alikuwa anatafuta nini usiku. Alivaa gauni refu na mtandio, na usiku ulimkuta kwa sababu ya mkanda wa injini. Wengine watasema alikuwa mjinga. Hapana. Alifanya kila alichofundishwa: akamsalimia mkubwa, akajibu alipoulizwa, akapokea alichopewa, hakumkatalia aliyemtendea wema. Wezi wa namna hii malezi yetu wanayajua vizuri, na ndiyo wanayoyatumia. Ndiyo maana hutanguliza mwanamke, tena wa makamo. Na yule anayenyang'anya begi kwa fujo mlangoni mwa basi huwarahisishia kazi, kwa sababu kelele zake humfanya msafiri akimbilie mikononi mwa mpole.

Sasa linganisha watu wawili wa usiku ule. Mama wa zabibu alimchagua mwalimu: alikaa karibu naye, alimuuliza, akajitolea kabla hajaombwa. Mlinzi wa sheli alichaguliwa na mwalimu: alikuwa kazini kwake, hakuwa akimsubiri mtu, wala hakujua kama kuna binti atatokea gizani. Miji mikubwa ina watu wema wengi kuliko waovu, kwa hiyo ukimchagua mtu mwenyewe, una nafasi kubwa ya kumpata mwema. Anayekujia akiwa tayari na msaada mkononi ni hesabu nyingine, maana mwovu naye hutembea akitafuta wa kumsaidia. Basi kanuni ni hii: ukihitaji msaada, omba, tena mwombe mtu uliyemchagua wewe. Mlenge aliye kazini na asiyeweza kuondoka: askari, mlinzi, mhudumu wa ofisi ya basi, muuza duka la dawa, mama lishe mwenye meza yake, mama mwenye watoto. Usiyemwomba akija na msaada, mshukuru, mwache aende.

Kanuni hiyo hufanya kazi ikiwa umejiandaa, kwa sababu uchovu na giza huvuruga uamuzi wa mtu yeyote. Maamuzi makubwa yafanye ukiwa bado nyumbani. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, tiketi inaweza kukufikisha saa yoyote, basi kabla ya kulipa uliza saa ya kufika, siyo ya kuondoka tu, kisha ongeza saa tatu za kuharibika njiani. Ikiwa hesabu inaangukia usiku, badili basi. Kutokea Dodoma au Morogoro kuna treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, na ratiba yake haisumbuliwi na foleni ya Kibaha. Ukichelewa hata hivyo, usione haya kukaa stendi, sehemu yenye taa na watu, hadi daladala na mwendokasi vianze alfajiri. Usiku mmoja wa kusinzia kwenye benchi hauna hasara ya kulinganishwa na ile ya mwalimu.

Namba mbili za watu wako zishike kichwani, na uziandike pia kwenye karatasi ndani ya nguo. Chaji ya simu ni nauli ya dharura, usiimalize kwa video. Pesa usiziweke pamoja: ya matumizi ya siku mfukoni, kubwa benki au kwenye laini nyingine, na kidogo mahali ambapo mwizi hatafika upesi. Jirani yako kwenye basi ana haki ya salamu na mazungumzo, lakini hana haki ya ratiba yako. Ukiulizwa nani anakupokea, jibu siku zote ni lile lile: "Kaka yangu yuko stendi ananisubiri." Huo ni uongo usiomdhuru mtu.

Usafiri wa mjini nao una taratibu zake. Ukiita gari kwa programu ya simu, dereva ndiye akutajie jina lako, na namba za gari zilingane na zilizo kwenye kioo cha simu. Zisipolingana usipande, hata akisema gari lile limeharibika akaja na la kaka yake. Kaa nyuma na ujaribu kitasa kabla gari halijaondoka. Kwa bajaji, patana bei kwanza, piga picha ya namba zake, kisha piga simu kwa sauti ya kusikika: "Nimeshapanda, namba nimekutumia." Dereva mwema hatachukia, na mwenye nia nyingine ataahirisha. Daladala ikiwa karibu tupu usiku, na waliomo wote wanajuana na konda, subiri inayofuata. Kwenye foleni usishike simu dirishani. Ukitembea kwa miguu, mkoba uwe upande wa mbali na barabara, kwa sababu wakwapuaji hupita na pikipiki, na wakivuta, achia. Mkoba hununuliwa, mkono haununuliwi.

Gesti nayo ichague mchana, kwa kuulizia kwa mtu aliyewahi kulala hapo. Kagua komeo la ndani kabla ya kulipa. Kitabu cha wageni huwa wazi pale kaunta, kila anayepita anasoma jina, ulikotoka na namba ya chumba, kwa hiyo ukimaliza kuandika kifunge mwenyewe. Mhudumu akitaja namba ya chumba chako mbele za watu, omba kingine. Na anayegonga usiku akidai ametumwa na mapokezi, ongea naye mlango ukiwa umefungwa.

Likitokea la kutokea, jambo la kwanza ni uhai: toa pesa, toa simu. La pili ni kusema, tena haraka, na hapa ndipo mwalimu wetu alipoumia zaidi. Omba simu ya mtu upige huduma kwa wateja wafunge laini na akaunti ya pesa, kisha benki wafunge kadi. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Nenda kituoni uchukue RB, ambayo utaihitaji kila ofisi utakayoingia baadaye. Kwa kuwa laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kuirudisha namba yako ni suala la kwenda na kitambulisho cha NIDA. Ukishaipata, piga *106# uone kama kuna laini nyingine iliyosajiliwa kwa jina lako. Ujumbe wa kitapeli unaowaomba watu pesa hutumwa 15040. Na waandikie ndugu wote mara moja kwamba namba yako iliibiwa. Ujumbe huo mmoja ungemwokoa mjomba.

Kama ni unyanyasaji wa kingono, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na unaweza kuomba kuhudumiwa na askari wa kike. Usioge wala kufua nguo kwanza, fika hospitali mapema: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Kosa ni la aliyelitenda. Aliyepanda gari kwa kuamini hana dhambi ya kuungama.

Kuna sehemu ya somo hili inayowahusu wazazi. Mabinti zetu tumewafundisha kupokea mizigo ya wakubwa na kuitika abee, na tumefanya vyema. Kukataa hatujawafundisha, na neno ambalo mtu hajawahi kulitamka halimtoki mara ya kwanza saa tano usiku mbele ya mtu mzima. Kwa hiyo binti akija kuaga, kabla ya kumpa nauli na dua, kaeni naye dakika chache. Mama ajifanye mwenyeji mpole wa stendi, ambembeleze, amwite mwanangu, anune, amuulize kwa nini ana kiburi. Binti ajibu, "Asante mama, nina usafiri wangu," huku miguu inaondoka. Akisimama kujieleza, rudieni.